Kibamba cha shaba chenye jina la Nero: ni cha Warumi, ni cha Firenze, au ni cha kiwandani?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naishi kaskazini mwa Italia mwaka wa tisa sasa. Mwezi uliopita nilinunua kwenye gulio la vitu vya kale kibamba cha shaba chenye umbo la yai, kidogo kuliko biskuti, cheusi. Mbele kuna kijana aliyesimama uchi na kinubi, mzee mwenye ndevu aliyefungwa mikono nyuma kwenye mti, na mtoto aliyepiga magoti. Pembeni kuna herufi NERO CLAVDIVS na nyingine nyingi. Muuzaji alisema ni muhuri wa Kaisari Nero, una miaka elfu mbili. Mume wangu anasema ni cha kiwandani. Nani mkweli? Na je, nikisugue king'ae kabla sijakipeleka nyumbani Tanga? Nimeambatisha picha tatu."

Marahaba, dada yangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye haraka: tafadhali usikisugue. Usikitie ndimu, usikitie majivu wala ukwaju, na ile dawa ya kopo ya kung'arishia vitasa usiisogeze karibu. Najua kwetu sinia la shaba husuguliwa mpaka ujione uso, na mama zetu hawakukosea, kwa sababu sinia ni chombo cha kazi. Hiki ni kitu kingine. Huo weusi unaoelekea hudhurungi ni ngozi ambayo shaba imejiotesha kwa muda mrefu, pamoja na mafuta au vanishi aliyopaka fundi wa kwanza. Ikiondoka hairudi. Niliwahi kuletewa kibamba cha aina hii kilicholowekwa usiku kucha kwenye maji ya ndimu ili kipendeze. Kilikuwa cha waridi kama waya wa umeme uliochunwa leo asubuhi, na kila alama ambayo ningeisoma ilikuwa imeondoka na uchafu. Nilimrudishia mwenyewe sina la kumwambia, na jambo lile linaniuma hadi leo.

Sasa tuje kwa muuzaji na mume wako. Muuzaji amekosea kwa miaka kama 1400, ila kosa lenyewe hakulitunga yeye. Lina karibu miaka 600 na lilizaliwa Firenze, mikononi mwa fundi mkubwa. Mume wako naye hajasema upuuzi, maana nakala za karne ya 19 za picha hii zipo. Ili kuamua, inabidi kwanza ujue picha yenyewe ilitoka wapi.

Mzee aliyefungwa ni Marsyas, kiumbe wa porini wa nchi ya Frigia, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki. Wagiriki walisimulia kwamba mungu wa kike Athena alitengeneza ala ya kupuliza yenye mirija miwili, akaitupa alipoona inavyomvimbisha mashavu. Watu wengi huiita filimbi. Mimi hupinga, kwa kuwa ala ile ilipulizwa kupitia ulimi wa tete, kwa hiyo kwa Kiswahili ni zumari, zumari la mirija miwili. Marsyas aliiokota, akaimudu, akajiona anaweza kushindana na Apollo mwenye kinubi. Sharti lilikuwa kwamba mshindi atamtenda mwenzake apendavyo. Katika simulizi moja Apollo aligeuza kinubi juu chini akaendelea kupiga, kisha akamtaka Marsyas afanye vivyo hivyo. Zumari hulipulizi kwa upande wa pili. Marsyas akashindwa, akafungwa mtini, akachunwa ngozi akiwa hai. Mshairi wa Kirumi Ovidius anamfanya aulize, katikati ya maumivu, kwa nini anang'olewa kutoka katika nafsi yake mwenyewe. Mtoto aliyepiga magoti ni Olympos, mwanafunzi wake, anayemwombea mwalimu.

Kitazame hicho kinubi kwa makini. Kina mikono miwili inayopanda na kijiti kinachovuka juu, nyuzi zikishuka hadi kwenye sanduku. Aliyewahi kuona nyatiti ya Wajaluo au litungu la Wabukusu atautambua ukoo wake mara moja. Ukitaka kujua kama kibamba ni cha kizazi cha mapema, anzia hapo: nyuzi zinahesabika, au zimegeuka ukuta mmoja? Nitalirudia hilo.

Picha hii haikubuniwa kwa ajili ya shaba. Ilichongwa kwenye akiki nyekundu yenye urefu wa sentimita 4 hivi, kwa kuzamisha, kama muhuri, na akiki hiyo bado ipo: iko Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia ya Napoli, katika mkusanyiko wa Farnese. Wataalamu wengi huiweka katika enzi za Kaisari Augustus na kuihusisha na Dioskourides, mchongaji wa vito wa Kaisari huyo, au na karakana yake. Augustus alifariki mwaka 14, na Nero akatawala kuanzia 54 hadi 68. Yaani kito kilikuwa kimeshachongwa Nero hajazaliwa. Hakukiagiza, na hakuna ushahidi kwamba aliwahi kukivaa.

Jina lake limefikaje hapo? Mwishoni mwa miaka ya 1420 akiki hiyo ilikabidhiwa kwa Lorenzo Ghiberti, sonara na msubuji wa shaba wa Firenze, yule yule wa milango ya jengo la ubatizo la Firenze, ambayo watu hadi leo huifuata kutoka mbali kuiona. Aliombwa aitilie fremu ya dhahabu. Katika kumbukumbu zake mwenyewe anasema kito kilikuwa na ukubwa wa kokwa ya jozi pamoja na ganda lake, kwamba kishikio alikitengeneza kwa umbo la joka lenye mabawa, na kwamba kuzunguka picha aliandika kwa uangalifu mkubwa herufi za mtindo wa kale zenye jina la Nero. Watu wa wakati ule waliamini huo ndio muhuri wa Kaisari Nero, naye akaandika walichoamini. Maneno kamili unayoyaona kwako, NERO CLAVDIVS CAESAR AVGVSTVS GERMANICVS na vifupisho vinavyofuata, ni vyeo vya Nero kama vilivyo kwenye sarafu zake.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba Ghiberti mwenyewe hakuielewa picha. Aliona mzee, kijana na mtoto, akaeleza kuwa ni umri wa binadamu katika hatua tatu, na kwamba mtoto amepiga magoti akimwomba kijana elimu. Marsyas hakumtaja. Fundi aliyekishika kito mkononi, akakizungushia dhahabu, akakisifu kwa dhati kabisa, alitazama maombi ya kuokoa maisha akaona darasa. Simcheki. Nakusimulia ili usijilaumu kwa kutoitambua hadithi.

Fremu ya Ghiberti imepotea, lakini kito kiliishia kwa Lorenzo de' Medici, tajiri aliyeitawala Firenze. Alipofariki mwaka 1492, hesabu ya mali zake ilikitaja kama akiki kubwa yenye watu watatu, mmoja kasimama na kinubi, mmoja kapiga magoti, na mzee ameketi mikono imefungwa mtini, kwa thamani ya florini 1000, yaani sarafu za dhahabu za Firenze. Michoro ya Paolo Uccello ya vita, mikubwa kama ukuta, iliandikwa katika hesabu hiyo hiyo pamoja na mingine, yote sita, kwa florini 300. Ukubwa wa jozi ulizidi ukuta mara tatu. Na nenda siku moja Frankfurt, Jumba la Städel, ukatazame mwanamke aliyechorwa na Botticelli miaka ya 1480 hivi: shingoni amevaa kidani chenye Apollo na Marsyas, watu wale wale watatu.

Sasa fikiria hali ya msomi wa Padova au sonara wa Venezia. Kito ni kimoja, kiko kwa tajiri mmoja, na kila mtu anakizungumzia. Lakini kito cha kuzamishwa ni muhuri. Ukikigandamiza kwenye lakiri au nta, kinakuachia picha iliyoinuka. Na nta ukishakuwa nayo, kusubu shaba ni kazi ya kawaida karakanani: unaifunika nta kwa udongo laini, unauchoma udongo, nta inayeyuka na kutoka, na shaba inamiminwa mahali palipokuwa na nta. Ndivyo vibamba hivi vilivyozaliwa, nusu ya pili ya karne ya 15, kwanza kwa kunakili vito vya kale. Baadaye walikuja mafundi waliobuni picha zao wenyewe: Riccio wa Padova, au yule sonara wa Verona, Galeazzo Mondella, aliyetia sahihi kwa jina la Moderno, mtu wa kisasa, jina la kiburi kwa kazi zilizojaa akina Hercules na mashujaa wa kale. Neno plaketi, ambalo ndilo jina lao leo, ni la Wafaransa wa karne ya 19. Waliovitengeneza hawakulijua.

Kwa hiyo, dada, swali la "je, ni halisi au ni nakala" halikisaidii kibamba chako. Hakuna plaketi halisi ya picha hii. Zote ni nakala, tangu ya kwanza kabisa, na zilitengenezwa ziwe nakala, zipite mkono kwa mkono, ziingie mahali kito kisingeingia. Zilifungwa kwenye vidau vya wino, kwenye vifundo vya mipini ya panga, kwenye kofia, kwenye vifuniko vya visanduku. Wachongaji wa marumaru nao walizitumia kama vielelezo. Ukienda Certosa ya Pavia, ile nyumba ya watawa, tazama sehemu ya chini ya uso wa kanisa, uone medali za mawe zilizonakiliwa kutoka sarafu na plaketi. Swali la kuuliza ni hili: hiki ni kizazi cha ngapi?

Shaba ikipoa husinyaa, kwa kadiri ya asilimia 1.5 hadi 2. Fundi aliyesubu kutoka kwenye nta iliyogusa kito, au kutoka kwenye kielelezo kizuri cha awali, alipata kibamba chenye makali yote. Mwingine alikiazima kibamba hicho akakigandamiza kwenye udongo akasubu chake: kikawa kidogo zaidi kwa sehemu ya milimita, na makali yakapungua. Wa tatu akaazima cha pili. Hivyo hivyo hadi karne ya 19. Ni kama kukopi kopi ya cheti kwenye mashine; maandishi bado yanasomeka, lakini kila mara kitu kinapungua. Kwa picha yenye urefu wa sentimita 4 tofauti ya kizazi kimoja haifiki milimita moja, ndiyo maana rula ya shule haitoshi. Tafuta fundi mwenye venia, kile kifaa cha kubana na kupimia sehemu ndogo za milimita.

Nimezitazama picha zako kwa muda mrefu. Ya kwanza, ya mbele, inasema mambo mawili. Tundu la kutundikia juu limetobolewa baada ya kusubiwa, na kekee imekata mguu wa herufi mojawapo. Ukingo wa tundu umeshalika na kuwa laini, na ndani yake pameiva weusi ule ule wa kwingineko. Hiyo ni dalili njema, kwa sababu tundu lililotobolewa jana lingekuwa na mwanga wa shaba mpya ndani. Pili, paja la Apollo na ndevu za Marsyas zimepauka na kung'aa kidogo, lakini mabonde kati ya miguu bado ni meusi. Hivyo ndivyo vidole vya watu vinavyochakaza: huanza na vilima, huacha mabonde. Mtu anayezeeshea kitu karakanani husugua kila mahali sawasawa, au husugua mahali ambapo kidole hakifiki.

Upande mwingine, nyuzi za kinubi sizihesabu. Naona bapa moja lenye mikwaruzo. Na herufi ya R katika NERO imeziba tumbo, imekuwa kama mkate uliovimba. Katika kibamba cha kizazi cha mapema tumbo la R huwa wazi, na mara nyingine utaona fundi amepita na patasi ndogo baada ya kusubu ili kuitia herufi makali. Kwako patasi haikupita.

Picha ya nyuma ndiyo ningeitamani zaidi, na ndiyo iliyotoka vibaya kwa sababu mwanga wa simu umeipiga usoni. Mgongo wa plaketi ndiko mafundi walikojisahau, ndiyo maana huko ndiko ukweli unakokaa. Kwenye kibamba cha kale kilichosubiwa kwa nta utaona uso wenye mabonde mapole, wakati mwingine kovu dogo mahali mfereji wa kumiminia shaba ulipokatwa na kupigwa tupa, na mara chache alama ya kidole cha aliyelainisha nta. Ukikuta mgongo una chembechembe ndogo kama ngozi ya chungwa, zilizotapakaa sawasawa, na picha ya mbele imeingia nyuma kama kivuli, hapo mume wako ameshinda: hiyo ni shaba iliyokuzwa kwa umeme, yaani iliyojengwa tabaka kwa tabaka ndani ya maji ya dawa badala ya kumiminwa. Ufundi huo ulianza mwishoni mwa miaka ya 1830, na baadaye kampuni ya Elkington ya Birmingham iliutumia kunakili vitu vingi vya makumbusho ya South Kensington mjini London, kwa uaminifu, bila kumdanganya mtu. Nakala hizo ziliuzwa kwa shule na wapenzi wa sanaa. Baadhi zilijazwa risasi nyuma ili ziwe na uzito, kwa hiyo uzito usikupumbaze.

Unaweza pia kupata maabara yenye kifaa cha eksirei kinachosoma mchanganyiko wa madini bila kukwangua. Vibamba vya kale huwa ni shaba yenye bati, risasi na zinki kwa viwango vinavyoyumba, maana mafundi waliyeyusha chochote kilichokuwepo. Shaba tupu karibu asilimia mia huashiria kazi ya umeme. Lakini kipimo hicho hakikupi mwaka. Fundi wa 1880 aliyeyeyusha kengele ya zamani atakupa majibu ya zamani.

Kwa nilichokiona hadi sasa, naegemea hivi: kimesubiwa, hakikukuzwa kwa umeme, kimeshikwashikwa na watu kwa miaka mingi sana, na ni nakala ya nakala, si ya mstari wa mbele. Karne ya 16 inawezekana kabisa. Kwa upande wa fedha picha hii si adimu, kwa sababu ilipendwa mno, na makumbusho makubwa ya London, Berlin, Firenze na Washington yana vibamba vya ukoo huu. Jumba la Taifa la Sanaa la Washington lilipokea mwaka 1957, kupitia mkusanyiko wa Samuel H. Kress, zaidi ya medali, plaketi na sanamu ndogo 1300 zilizokuwa za Mfaransa Gustave Dreyfus. Huo ndio ukubwa wa familia uliyoiingia kwa kununua kibiskuti chako.

Kuhusu Tanga, mambo mawili. La kwanza ni sheria. Italia ina masharti juu ya kutoa nchini kazi za sanaa zenye zaidi ya miaka 70. Tangu 2017, kitu chenye thamani isiyozidi euro 13,500 kwa kawaida hakihitaji kibali kizito, lakini bado unatakiwa kutoa tamko kwenye ofisi ya usafirishaji wa kazi za sanaa. Vitu vya kiakiolojia havimo katika nafuu hiyo, kwa hiyo usiingie kule ukisema una muhuri wa Nero wa miaka elfu mbili, utajitia matatani kwa maneno ya muuzaji. Peleka risiti na picha, waeleze ni kibamba cha baadaye kilichonakiliwa kutoka kwenye kito.

La pili ni bahari. Chumvi ya hewa ya pwani ni adui wa shaba kuliko miaka yenyewe. Chloridi ikishaingia kwenye vitundu na unyevu ukaizidia, utaona vidoa vya unga wa kijani mpauko, laini kama poda, ambavyo ukivifuta vinarudi. Huo ni ugonjwa, na hula hadi ndani. Kijani kigumu kilichoshikamana na kung'aa si huo, kiache. Kiweke kibamba kwenye kisanduku kinachofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, lakini vingi, na uvikaushe au uvibadilishe kila baada ya miezi michache. Usikitundike ukutani sebuleni, upande wa upepo wa bahari. Ukikishika, shika kingo, kwa mikono iliyooshwa na kukauka, maana jasho nalo ni chumvi. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya rangi za maji, basi.

Kabla hujasafiri, nitumie picha nyingine ya mgongo. Zima taa ya chumba, weka kibamba juu ya kitambaa cheusi, mwangaza wa tochi uje kutoka pembeni, ukilala karibu usawa wa meza, si kutoka juu. Piga mara nne, kila mara tochi ikihamia upande mwingine. Halafu pima kwa venia urefu na upana wa picha yenyewe, kutoka ukingo wa ndani wa herufi hadi ukingo wa ndani, si wa kibamba kizima, kwa sababu ukingo wa nje kila fundi aliukata alivyotaka. Pima mara tatu, uniandikie namba zote tatu.